Kikaragosi Ndani ya Laptopu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Katuni kwa Injini ya Gemu

Dakika tatu za katuni, kwa picha 24 kila sekunde, ni picha 4,320. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa kibarazani nyumbani kwetu Ujiji, daftari la michoro mapajani, nikajua kwamba peke yangu sitaimaliza filamu ile. Ndani, bibi yangu alikuwa anawasimulia wajukuu hadithi ileile niliyotaka kuichora. Alikuwa ameikunja ncha ya kanga ikawa masikio mawili, na vidole vyake vikamfanya sungura ainame, achungulie, aogope, adanganye. Bibi hakuwa amechora chochote. Alikuwa anacheza, na watoto walikuwa wanamwona sungura.

Hicho ndicho kikaragosi, na ndicho nitakachoeleza hapa kwa njia ya kompyuta. Unamchora mhusika mara moja tu, unamfunga viungo, kisha unamchezesha kwa pedi ya gemu huku sauti yake inasikika, na mashine inanasa kila ulichofanya kwa vidole. Sekunde thelathini za maigizo zinachukua sekunde thelathini kunaswa. Usipoipenda, unarudia.

Injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, inafaa kwa kazi hii kwa sababu imeundwa ijibu papo hapo. Mchezaji akisukuma kijiti kushoto, mtu kwenye skrini anageuka kushoto wakati huohuo. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1989 Jim Henson alionyesha kwenye televisheni ya Marekani kikaragosi cha kompyuta kiitwacho Waldo, kilichochezeshwa kwa mkono wa mtu. Mchezeshaji alikuwa anaona picha hafifu tu wakati wa kuigiza, na ile data ya mikono ikapelekwa baadaye kwa wataalamu wa PDI, kampuni ya michoro ya kompyuta, wakachora picha safi kutokana nayo. Kisha mwaka 1996 wachezaji wa gemu ya Quake wakaanza kurekodi michezo yao kama filamu fupi. Naomba ukumbuke hasa ule mpango wa Waldo: kwanza unanasa maigizo kwa picha hafifu, picha nzuri inakuja baadaye. Mwongozo wote huu umesimama juu ya hilo, na ndilo linalomwezesha mtu mwenye laptopu ya mtumba hapa Kigoma kutengeneza filamu isiyokwamakwama.

Vifaa na programu

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha vizuri kwa katuni za pande mbili. Yenye GB 4 inawezekana pia, ukifunga kila programu nyingine. Sauti unaweza kurekodi kwa simu. Utahitaji spika za masikioni zenye waya, maana zile zisizo na waya huchelewesha sauti na kuchelewa huko kutaharibu midomo ya wahusika wako.

Pedi ya gemu ndiyo mkono wako, kwa hiyo ichague kwa makini. Iwe ya USB, yenye vijiti viwili juu na vile vitufe viwili vya nyuma vinavyobonyezwa kwa kidole cha shahada. Pedi nyingi za bei rahisi zina vitufe vya nyuma vinavyojua mambo mawili tu, kubonyezwa na kutobonyezwa. Tunachotaka ni kitufe kinachojua kwamba umebonyeza kidogo, nusu, au mpaka mwisho. Kabla hujalipa, omba ichomekwe kwenye kompyuta na ujaribu. Ukikosa kabisa pedi ya namna hiyo usikate tamaa, kijiti cha kulia kikisukumwa chini kitafanya kazi ya kufungua mdomo.

Programu zote ni za bure. Godot toleo la 4 ndiyo injini yenyewe. Ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur huko Argentina, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014, na leseni yake ya MIT haidai senti kwenye filamu utakayotengeneza. Haihitaji hata kusakinishwa: unafungua faili lililobanwa, unaliendesha. Mwenye bando dogo anaweza kuchukua kwa rafiki kwenye flashi. Ongeza Krita ya kuchorea, Audacity ya sauti, FFmpeg ya kubadilisha mafaili, na Kdenlive ya kuhariri.

Wengi huniuliza kuhusu Unreal Engine, injini nyingine ya gemu. Ni chombo kikubwa, na mwenye iPhone inayosoma uso anaweza kuunganisha uso wake na mhusika wa pande tatu kwa programu ya Live Link Face, akicheka na mhusika anacheka. Lakini kinataka kadi ya grafiki yenye nguvu na diski yenye nafasi kubwa. Mwenye mashine hiyo aende huko kwa moyo mmoja, hatua nyingi za hapa zitamfaa vilevile. Sisi wengine tuendelee na Godot.

Unapofungua mradi mpya, Godot itakuuliza aina ya mchoraji wa picha. Chagua Compatibility. Hiyo hutumia OpenGL 3.3, ambayo hata laptopu za zamani zinaielewa. Nyingine mbili zinataka kadi mpya zaidi.

Anza na sauti

Usichore kitu kabla hujarekodi sauti. Sauti ndiyo inayoamua mhusika ana umri gani, anapumua wapi, anasita wapi. Nilichora sungura mara mbili kabla ya kumrekodi bibi, na mara zote mbili nilimfanya kijana mchangamfu. Nilipoisikia sauti nikagundua kwamba sungura wa bibi ni mzee mwenye hila, anayeongea polepole kwa sababu hana haraka ya kukudanganya. Ikabidi nimchore upya.

Chumba kizuri cha kurekodia ni kile chenye godoro, mapazia na nguo nyingi. Simamisha godoro ukutani nyuma ya msemaji, weka simu kiganja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisigonge. Sisi tulirekodi usiku, baada ya bodaboda kupungua na kabla ya jogoo. Paa la bati wakati wa masika halina mjadala: ikinyesha, funga kazi mpaka kesho. Mwache msimulizi aanze kwa "Hadithi, hadithi!" na watu walio chumbani waitikie, hata kama hutatumia sehemu hiyo. Bibi bila mwitikio alikuwa anasoma. Alipoitikiwa akawa anasimulia.

Kwenye Audacity kata ukimya usiohitajika, lakini acha pumzi. Hifadhi kila mhusika kwa faili lake la WAV, Hz 44100, mkondo mmoja. Usizifupishe kuwa MP3 kwa sasa.

Kumchora na kumfunga viungo

Chora mhusika vipande vipande, kila kipande tabaka lake kwenye Krita: kichwa, masikio, macho, mboni, kope, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, na miguu vivyo hivyo. Mahali pa kiungo pachorwe pa mviringo na kipande kimoja kiingie chini ya kingine, kama bega linavyoingia ndani ya shati. Ukikata moja kwa moja, mkono ukipinda utaona pengo. Toa kila tabaka kama PNG yenye mandhari wazi.

Ndani ya Godot, kila kipande kinawekwa kama nodi, yaani kijenzi kimoja cha mradi, ya aina ya Sprite2D, na nodi zinapangwa kizazi kwa kizazi: kiwiliwili ni mzazi wa mkono wa juu, mkono wa juu ni mzazi wa mkono wa chini, mkono wa chini ni mzazi wa kiganja. Ukimzungusha mzazi, watoto wanafuata. Egemeo la kila kipande, yaani nukta kinapozungukia, lisogezwe mpaka lilipo kiungo chake, kwa kutumia Offset. Kosa la egemeo ndilo linalofanya mkono uonekane umechomoka. Mkono wa upande wa mbali upewe Z Index ndogo kuliko kiwiliwili ili upite nyuma yake. Kuna pia mifupa halisi, Skeleton2D na Bone2D, inayoweza kupinda kipande kimoja kama mkia au mkonga wa tembo. Kwa mhusika wa kwanza sikushauri. Vipande vilivyofungwa vizuri vinatosha, na vina uzuri wake wa vikaragosi vya karatasi.

Kisha mdomo.

Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu inatamkwa inavyoandikwa. Wanaotengeneza katuni za Kiingereza hawana bahati hiyo. Sisi tunahitaji midomo saba tu. A, mdomo wazi kabisa. E, wazi nusu, pembe zimevutwa. I, karibu ufunge, pembe zimevutwa zaidi. O, wazi nusu, mviringo. U, mdogo wa mviringo uliochongoka mbele. Wa sita umefungwa, wa m, b na p. Wa saba meno ya juu yamegusa mdomo wa chini, wa f na v. Konsonanti nyingine ziache zipite na irabu inayofuata, mtazamaji hatadai zaidi.

Ichore saba hiyo kwa mstari mmoja ndani ya picha moja, vyumba saba vya upana sawa. Kwenye Sprite2D andika 7 kwenye Hframes, na sasa mdomo unabadilishwa kwa namba moja, kutoka 0 hadi 6.

Ukizitazama irabu zetu vizuri utaona zinapangika kwa mambo mawili: mdomo umefunguka kiasi gani, na umevutwa au umeviringwa. Pedi nayo ina mambo mawili hayohayo. Kitufe cha nyuma cha kulia kiwe ufunguzi, kijiti cha kulia kikienda kushoto kiwe kuvuta, kikienda kulia kiwe kuviringa. Bonyeza mpaka mwisho, kijiti katikati: a. Nusu, kijiti kushoto: e. Kidogo, kulia: u. Ukiachia kabisa mdomo unafunga. F na v zipe kitufe kimoja cha juu. Siku ya kwanza vidole vitagoma. Mimi nilikaa jioni tatu nikisema "kaka kuku kiko wapi" huku nafuatisha kwa pedi, na siku ya nne mkono ulikuwa unatamka wenyewe.

Skripti ya kuchezesha

Hapa panahitaji kuandika mistari michache ya GDScript, lugha ya kuipa Godot maagizo, na usiogope, ni michache kweli. Godot husoma kijiti kwa Input.get_joy_axis, ikikurudishia namba kati ya -1 na 1. Kitufe cha nyuma kinarudisha 0 hadi 1. Namba hiyo unaizidisha na pembe ya juu unayoruhusu, kwa mfano nyuzi 25 za kichwa, na unaiweka kwenye mzunguko wa kipande.

Ukiiweka moja kwa moja, kichwa kitatetemeka kwa sababu kidole cha mtu hutetemeka. Ilainishe hivi:

kichwa = lerp(kichwa, kidole, 0.25)

Maana yake, kila mara kichwa kinasogea robo ya safari iliyobaki kuelekea kilipo kidole. Namba ndogo humfanya mhusika mzito. Kiboko wangu ana 0.08, na watoto walijua ni mzito kabla hajasema neno. Sungura ana 0.35. Masikio yake yanafuata kichwa, si kidole, kwa namba ndogo zaidi, hivyo yanachelewa na kuyumba. Ncha ya kanga, hereni, mkia, shela: vyote vipe kuchelewa huko. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayompa mhusika uhai kuliko rangi zote utakazoongeza.

Sasa kunasa. Nilikosea hapa vibaya, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Mara ya kwanza nilihifadhi namba za kila fremu, yaani kila picha moja, kwa mfuatano: fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakati wa kuigiza laptopu ilikuwa inazidiwa, mara inachora fremu 24 kwa sekunde, mara 15. Nilipochezesha tena kwa kasi sawa, midomo ikaanza vizuri, na kufika dakika ya pili sungura alikuwa ameshanyamaza wakati sauti bado inaendelea. Siku mbili za kazi zikapotea.

Dawa ni kuchukua wakati kutoka kwenye sauti yenyewe. Nodi inayopiga sauti, AudioStreamPlayer, ina get_playback_position inayokwambia sauti imefika sekunde ya ngapi. Ongeza juu yake AudioServer.get_time_since_last_mix, kisha toa AudioServer.get_output_latency, na unapata wakati sahihi wa kile masikio yanachosikia. Kila namba ya pedi ihifadhiwe pamoja na wakati huo:

kanda.append([wakati, kichwa, mdomo])

Laptopu ikizidiwa utapata namba chache kwa sekunde hiyo, lakini kila moja itakuwa mahali pake.

Maigizo yakiisha, skripti iigeuze kanda hiyo kuwa Animation ya kawaida ya Godot. Hatua ni tatu: add_track kuongeza njia, track_set_path kuielekeza kwenye kipande na sifa yake, track_insert_key kwa kila namba na wakati wake. Kisha ResourceSaver.save inaihifadhi ndani ya folda ya mradi. Faida yake ni kubwa. Ukiifungua kwenye AnimationPlayer, nodi inayoichezesha, unaiona kama mstari wa alama, unaweza kufuta alama tatu zilizoharibika na kuacha nyingine zote. Njia ya mdomo usisahau kuiwekea mpito wa Nearest, la sivyo midomo itajaribu kupita kwenye namba za katikati.

Cheza mkupuo mmoja mmoja

Usijaribu kuchezesha mdomo, kichwa, macho na mikono kwa wakati mmoja. Rekodi mdomo peke yake, mwanzo hadi mwisho wa onyesho. Kisha mdomo ukiwa unajichezesha wenyewe, rekodi kichwa na kiwiliwili. Kisha macho. Mwisho mikono. Kila mkupuo upe AnimationPlayer yake, na kwa kuwa zinagusa vitu tofauti hazitagombana. Mkupuo wa mdomo usogeze mbele kidogo ukimaliza, fremu moja au mbili kabla ya sauti. Mdomo wa mtu hufunguka kabla sauti haijatoka.

Kwenye mkupuo wa kichwa, sikiliza mkazo. Kwa Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: suNGUra, naKUja, haPOni. Kichwa kikishuka kidogo hapo, mtu anayesikia lugha hii tangu utotoni anahisi mhusika anaizungumza kweli. Chagua neno moja kwa sentensi, lile lenye uzito. Ukiinamisha kwa kila neno atakuwa kama kuku anayedonoa.

Macho yatangulie kichwa. Mtu akiitwa kutoka nyuma, mboni zinakwenda kwanza, kichwa kinafuata, mwili baadaye. Kupepesa kwa kawaida unaweza kuachia kompyuta kwa muda wa kubahatisha wa sekunde tatu hadi sita, lakini pale mhusika anapodanganya au anapopokea habari mbaya, pepesa mwenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Nikamwonyesha bibi onyesho la sungura na kiboko, dakika moja na nusu. Akatazama mpaka mwisho, akaomba aone tena. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu kiboko anajua kusema. Mbona hasikilizi?"

Nikaangalia, na kweli. Nilikuwa nimemchezesha kila mhusika kwenye sentensi zake tu. Sungura akisema, kiboko alisimama kama gogo mpaka zamu yake ifike. Bibi mwenyewe anapomchezesha sungura kwa mkono mmoja, mkono wa pili haulali: unainama, unashtuka, unasogea karibu. Tangu siku hiyo kila mhusika ninamwekea mkupuo wa kusikiliza. Ninavaa spika za masikioni, nasikia maneno ya mwenzake, na ninachezesha yule aliyenyamaza. Hufumba macho polepole, hugeuza sikio moja, huanza kutaka kusema halafu anaacha. Nautumia muda mwingi kwenye mkupuo huu kuliko mwingine wowote, na nakushauri nawe ufanye hivyo.

Wahusika wa nyuma, kama umati wa sokoni, hawahitaji yote haya. Midomo yao unaweza kuiachia kompyuta ifunguke kwa kadiri ya ukubwa wa sauti, kwa kusoma AudioServer.get_bus_peak_volume_left_db. Kwa mhusika mkuu njia hiyo haifai, kwani mdomo unafunguka na kufunga tu kama samaki aliyetolewa majini.

Ziwa, usiku na taa

Mandhari yapange kwa matabaka: milima ya Kongo mbali, kisha maji, kisha mitumbwi, kisha ufukwe, na mbele kabisa majani au kingo za mtumbwi zilizo gizani. Nodi ya Parallax2D hulisogeza kila tabaka kwa kasi yake kamera inapotembea. Milima iende polepole sana. Mtumbwi uyumbe juu na chini taratibu, na abiria wake wayumbe nao kwa kuchelewa kidogo.

Kuwa mkweli kwa mahali. Kwetu jua linazama ziwani, upande wa Kongo, na halichomozi hata siku moja kutoka majini. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, wanatengeneza nyavu. Ukichora mwezi mpevu juu ya ziwa lililojaa taa za wavuvi, mtu wa Kibirizi au Katonga ataliona kosa kabla ya mengine yote.

Usiku wenyewe ni rahisi kuutengeneza na unapendeza sana. Weka nodi ya CanvasModulate yenye buluu nzito, picha yote itazama gizani. Kisha kila mtumbwi upewe PointLight2D ya rangi ya manjano, ukiipa picha ya duara linalofifia kuelekea ukingoni. Punguza na ongeza nguvu ya taa kidogo sana kila mara. Taa ikitikisika namna hiyo, na uso wa mhusika ukitoka gizani unapokaribia, hutahitaji kuchora mandhari mengi.

Kurenda bila kuogopa umeme

Kurenda ni mashine kuchora picha za mwisho na kuzihifadhi. Godot 4 ina kitu kiitwacho Movie Maker, unakiwasha kwa kitufe chenye alama ya mkanda wa filamu juu kulia. Kinapofanya kazi, injini haijali muda halisi. Fremu moja ikihitaji sekunde tatu, itapewa sekunde tatu, na kwenye filamu bado itakuwa sehemu ya 24 ya sekunde. Ndiyo maana maigizo yanatakiwa yawe yameshanaswa kabla. Usijaribu kuchezesha pedi wakati Movie Maker imewashwa, haitaelewana na mikono yako.

Kwenye mipangilio ya mradi tafuta Movie Writer. Kasi ya fremu huja ikiwa 60, iweke 24. Ukubwa wa filamu hufuata dirisha la mradi, kwa hiyo uweke mapema, 1920 kwa 1080, au 1280 kwa 720 kama diski ni ndogo. Jina la faili likiishia na .avi utapata video moja. Likiishia na .png utapata kila fremu kama picha yake, na sauti kwenye WAV pembeni.

Chagua PNG. AVI isipofungwa vizuri inaharibika, na haiwezi kuzidi GB 4. Umeme ukikatika na betri imechoka, umepoteza usiku mzima. Kwa PNG, picha zilizokwisha kutoka zinabaki salama. Umeme ukirudi unaanzia pale ulipoishia kwa kusogeza AnimationPlayer hadi sekunde hiyo, ukielekeza picha kwenye folda nyingine, na sauti unaitumia ile ya asili. Nafasi iandae: picha 4,320 zenye MB 1.5 kila moja ni takriban GB 6.5.

Kusimamisha, funga dirisha kwa alama ya X, au washa Movie Quit On Finish kwenye AnimationPlayer iliyo ndefu kuliko zote. Usibonyeze F8, sauti itatoka bila taarifa ya urefu wake.

Kisha fungua dirisha la amri ndani ya folda ya picha, na uziunganishe:

ffmpeg -framerate 24 -i picha%08d.png -i picha.wav -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac onyesho1.mp4

Lile neno yuv420p usiliruke. Bila hilo simu nyingi na televisheni zinagoma kufungua video. Maonyesho yote yakiwa tayari, yaunganishe Kdenlive, ongeza ngoma, upepo, maji. Muziki wa mtu mwingine usiuweke bila ruhusa yake, na kama utaonyesha filamu hadharani, pita kwanza Bodi ya Filamu kwa ukaguzi na daraja la umri.

Kabla ya yote hayo itazame kwenye skrini ambayo watu wataitazamia. Mimi niliipeleka kwenye kibanda umiza kimoja cha jirani asubuhi, kabla ya mechi, na mwenye kibanda akanikubalia dakika tano. Kwenye laptopu yangu usiku wa ziwani ulikuwa wa buluu. Kwenye televisheni yake ukawa mweusi tii, taa nne zinaelea na sauti zinatoka mahali pasipoonekana. Nikarudi nyumbani, nikaipandisha rangi ya CanvasModulate, nikapunguza nguvu ya taa ili tofauti isiwe kali, nikarenda tena usiku ule. Mara ya pili nilikwenda na bibi. Sungura alipoanza kusema, watoto watatu waliokuwa wamekaa mbele wakageuka kumtazama kiboko.

Folda ya mradi niliinakili kwenye flashi mbili jioni hiyo, nikiacha ile ndogo iitwayo .godot, ambayo programu hujitengenezea upya yenyewe ukiufungua mradi kwenye mashine nyingine.